Kupima Tone Usiloweza Kuligusa

 

Makala haya yalianzia jikoni. Jumamosi moja ya muhula huu, chama kilipopika wali wa nazi na mchuzi wa kuku kuwakaribisha wanafunzi wapya, tulikuwa watatu tumesimama kando ya sufuria. Mmoja wetu anasoma biolojia, wa pili fizikia, wa tatu isimu. Moto ulikuwa umepunguzwa, na juu ya mchuzi yalielea matone ya mafuta, makubwa kwa madogo. Mawili yalikaribiana, yakagusana, kwa kitambo yakawa na umbo la namba nane, kisha yakajikusanya kuwa duara moja. Yule wa biolojia akasema, "Hii ndiyo kazi yangu ya kila siku, ila matone yangu yamo ndani ya seli."

Yule wa isimu akamgeukia. "Sasa tone la ndani ya seli utajuaje kama ni jepesi kama maji au zito kama asali? Huwezi kulichota kwa kijiko."

Mpaka vyombo vinaoshwa tulikuwa hatujamaliza kulijibu swali hilo, na mhariri akatuambia tukaliandikie. Jibu fupi ni kwamba unalipima kwa kulitazama. Jibu refu ni kwamba kutazama peke yake hakutoshi, na sisi wenyewe tulijifunza hivyo kwa kukosea. Tutaeleza yote mawili.

Ni matone gani haya?

Shuleni tulifundishwa kwamba seli imegawanyika katika vyumba, na kila chumba kina utando wake: kiini kina utando, mitokondria ina utando. Hilo ni kweli, lakini halimalizi habari. Ndani ya seli kuna pia mikusanyiko ya protini na RNA isiyo na utando wowote, na bado haichanganyiki na majimaji yanayoizunguka. Mfano wa karibu ni tui. Kila aliyepika kwa nazi anajua kuwa tui likichemka bila kukorogwa hukatika: mafuta huku, maji kule. Hakuna aliyejenga ukuta katikati yao. Protini fulani nazo, zikifika wingi fulani, hujitenga na kuwa matone. Ndani ya matone hayo molekuli zinazohitajiana hukutana kwa urahisi, na zisizotakiwa hubaki nje.

Tulibishana sana kuhusu jina. Katika maandishi ya kitaalamu ungeweza kuyaita kondensati. Sisi tumeamua kusema "matone ya seli", kwa sababu neno tone linamwambia msomaji nusu ya habari kabla hajaanza kusoma.

Tone maarufu kuliko yote ni nukleoli, lile doa lililo ndani ya kiini ambamo seli huundia ribosomu zake. Wenye hadubini walikwisha kuliona na kulichora katika karne ya 19. Mwaka 1899 Mmarekani Edmund B. Wilson aliandika kuwa sehemu hai ya seli inaonekana kama mchanganyiko wa matone yaliyoelea ndani ya kimiminika. Lakini yalipita zaidi ya miaka 100 kabla watu hawajaanza kupima kwa dhati kama matone hayo ni kimiminika kweli.

Hatua kubwa ilikuja mwaka 2009. Clifford Brangwynne, Anthony Hyman na wenzao, wakifanya kazi Dresden nchini Ujerumani, walichapisha katika jarida la Science uchunguzi wa chembe ziitwazo chembe P ndani ya kiinitete cha mnyoo mdogo Caenorhabditis elegans. Kwenye video za hadubini chembe hizo ziliungana, zilidondoka, na zilitiririka kukizunguka kiini. Watafiti hawakuishia kusema kwamba zinafanana na matone. Walikadiria mnato wake kuwa takriban paskali-sekunde 1, yaani karibu mara 1,000 ya mnato wa maji, na mvutano wa uso kuwa takriban mikronyutoni 1 kwa mita, chini ya ule wa maji kwa makumi ya maelfu ya mara. Brangwynne na Hyman walipewa tuzo ya Breakthrough ya mwaka 2023 katika sayansi za uhai kwa kazi iliyoanzia hapo.

Tueleze maneno mawili hayo kabla ya kuendelea, maana ndiyo nguzo za makala haya. Mnato ni jinsi kimiminika kinavyokataa kutiririka: uji mzito una mnato kuliko chai. Mvutano wa uso ni nguvu inayolifanya tone lijikunje kuwa duara na kupunguza eneo lake la nje. Ndio unaomwezesha mdudu kutembea juu ya maji ya dimbwi.

Kwa nini tujali kama ni laini au gumu?

Tunajali kwa sababu ugumu wa tone unaweza kuwa tofauti kati ya afya na ugonjwa.

Mwaka 2015 kundi la Dresden lilionyesha hilo kwa protini iitwayo FUS. Protini hiyo inahusika na baadhi ya visa vya ALS, ugonjwa unaoua neva zinazoendesha misuli mpaka mtu anashindwa kutembea, kumeza, na mwishowe kupumua. FUS iliyo mpya iliunda matone laini yaliyoungana kama mafuta kwenye mchuzi. Baada ya saa kadhaa matone yaligeuka yabisi yenye nyuzinyuzi. Protini yenye kasoro ya kurithi iliyopatikana kwa mgonjwa iligeuka upesi zaidi. Kwa hiyo anayetafuta dawa anahitaji kipimo kinachosema tone limefika wapi katika safari hiyo. Kumwambia kwamba tone "linaonekana gumu" hakumsaidii.

Wakati mwingine ugumu ndio tunaoutaka. Virusi vya RSV, vinavyoshambulia mapafu ya watoto wachanga, hujizalisha ndani ya matone vinavyoyaunda vyenyewe katika seli. Mwaka 2021 watafiti walieleza katika jarida la Nature kuwa dawa iitwayo saiklopamini huyafanya matone hayo kuwa magumu na kuzuia virusi kuzaliana, hata ndani ya panya. Tone likiganda, kiwanda kinasimama.

Mfano wa tatu unatugusa sisi wa kutoka nyumbani. Kichaa cha mbwa bado kinaua Afrika Mashariki. Shirika la Afya Duniani hukadiria vifo takriban 59,000 kwa mwaka duniani, vingi vikiwa Asia na Afrika. Mwaka 1903 daktari Mtaliano Adelchi Negri aliona vidoa vya ajabu ndani ya seli za ubongo za wanyama waliokuwa na ugonjwa huo. Kwa miongo mingi maabara zilithibitisha kichaa cha mbwa kwa kuvitafuta vidoa vya Negri chini ya hadubini. Vilionekana, vikachorwa, vikapewa jina la aliyevigundua. Lakini ni mwaka 2017 tu ambapo watafiti nchini Ufaransa walionyesha, kwa video za seli zilizoambukizwa, kwamba vidoa hivyo, ambamo virusi hujizalisha, ni matone ya kimiminika yanayoungana. Kati ya 1903 na 2017 ni miaka 114. Kwa muda wote huo kitu kilikuwa mbele ya macho ya watu.

Njia ya kwanza: matone mawili yakiungana

Turudi kwenye sufuria. Matone mawili ya mafuta yanapogusana, mvutano wa uso huyavuta yawe duara moja, na mnato huupinga mwendo huo. Mvutano ukiwa na nguvu, kazi inaisha haraka. Mnato ukiwa mkubwa, kazi inachukua muda. Tone likiwa kubwa, muda unaongezeka pia, kwa sababu kuna kitu kingi cha kusogeza. Kwa tone lenye mnato mkubwa kuliko mazingira yake, muda wa kujikusanya ni takriban mnato mara ukubwa wa tone, ukigawanywa kwa mvutano wa uso.

Kwenye kompyuta kazi inakwenda hivi. Unachukua video ya seli ambazo protini yake imewekewa alama inayong'aa. Katika kila fremu, programu inatafuta mpaka kati ya mwanga na giza, kisha inalinganisha umbo lililopatikana na duaradufu. Unagawanya urefu wa duaradufu kwa upana wake. Mwanzoni uwiano huo unakaribia 2, kwa sababu ni matone mawili yaliyoshikana. Mwishoni unakaribia 1, yaani duara. Ukichora grafu ya uwiano dhidi ya muda, unapata mstari unaoporomoka upesi mwanzoni kisha polepole. Kutokana na mstari huo unasoma muda wa kujikusanya.

Tuseme matone yenye ukubwa wa mikrometa 2 yamechukua sekunde 20. Gawanya, utapata sekunde 10 kwa kila mikrometa. Namba hii ni mnato uliogawanywa kwa mvutano. Hapo ndipo wengi huteleza: video imekupa uwiano wa vitu viwili, haijakupa kimoja peke yake. Kama mvutano ni mikronyutoni 1 kwa mita, mnato ni paskali-sekunde 10, mara 10,000 ya maji. Kama mvutano ni sehemu ya kumi ya huo, mnato nao unashuka mara kumi. Picha ni ileile, na majibu yote mawili yanalingana nayo.

Brangwynne, Hyman na Timothy Mitchison walitumia njia hii mwaka 2011 kwa nukleoli za mayai ya chura wa Kiafrika Xenopus laevis. Mayai hayo yana viini vikubwa sana, na ndani yake nukleoli nyingi zinazoonekana vizuri. Waliona muda wa kuungana ukiongezeka kadiri matone yanavyokuwa makubwa, kama kanuni inavyodai, na wakakadiria mnato mkubwa kuliko wa maji kwa karibu mara milioni. Jambo la kukumbuka ni kwamba seli zilipokosa nishati ya ATP, mnato ulipanda. Kumbe ulaini wa tone unategemea pia kazi inayofanywa na seli yenyewe.

Njia ya pili: chembe inayotangatanga

Ili kuutenganisha mnato na mvutano, unahitaji kipimo cha pili. Kimojawapo ni kutupia ndani ya tone vishanga vidogo mno vya plastiki vinavyong'aa, kisha kuvifuatilia. Robert Brown aliona mwaka 1827 kuwa vijichembe vidogo vinavyoelea majini havitulii. Mwaka 1905 Albert Einstein alieleza kwa hesabu jinsi kutangatanga huko kunavyotegemea joto, ukubwa wa chembe na mnato.

Chukua kishanga chenye kipenyo cha mikrometa 1. Majini, kwa halijoto ya chumbani, kwa sekunde moja kitahama zaidi kidogo ya mikrometa moja kwa wastani. Katika kimiminika chenye mnato mara 10,000 ya maji, hata baada ya sekunde 100 kitakuwa kimehama takriban sehemu ya kumi tu ya mikrometa. Nuru ya kawaida haiwezi kutenganisha vitu vilivyo karibu kuliko takriban nanometa 200, kwa hiyo mtu angedhani mwendo huo hauonekani. Lakini kutafuta kitovu cha nukta moja inayong'aa ni kazi tofauti na kutenganisha nukta mbili. Programu hukokotoa katikati ya mwanga uliosambaa kwenye pikseli kadhaa, na kitovu hicho hujulikana kwa usahihi wa makumi ya nanometa au chini yake.

Njia hii inafaa zaidi kwa matone makubwa yaliyotengenezwa kwenye kioo cha maabara kwa protini iliyosafishwa. Matone ya ndani ya seli hai mara nyingi ni madogo kama kishanga chenyewe, na kukiingiza bila kuisumbua seli ni taabu.

Njia ya tatu: ukingo unaotetemeka

Njia ya tatu ndiyo iliyotuvutia kuliko zote, na ndiyo iliyotuaibisha.

Tone halitulii hata likiwa peke yake. Joto husukumasukuma uso wake, na mvutano huurudisha. Mvutano ukiwa mdogo, mtetemo unakuwa mkubwa. Kwa makadirio ya haraka, ukubwa wa mtetemo ni kipeuo cha pili cha nishati ya joto ikigawanywa kwa mvutano. Tone la maji hewani, lenye mvutano mkubwa, hutetemeka kwa robo ya nanometa hivi, kama upana wa molekuli moja ya maji. Huwezi kuuona mtetemo huo kamwe kwa hadubini ya nuru. Tone la seli lenye mvutano wa mikronyutoni 1 kwa mita hutetemeka kwa takriban nanometa 65 katika joto la mwili. Hiyo ni chini ya pikseli moja ya kamera nyingi, lakini si nje ya uwezo wa hesabu: ukifuatilia jinsi mwanga unavyopungua kutoka ndani kwenda nje, unaweza kuukadiria ukingo kwa sehemu ya pikseli.

Unazunguka tone zima, unaandika umbali wa ukingo kutoka kwenye kitovu kwa kila pembe, na unarudia kwa mamia ya fremu. Kisha unauchambua mtetemo kuwa mawimbi, makubwa na madogo, kama mwanamuziki anavyotenganisha sauti nene na nyembamba. Mvutano wa uso hudhibiti zaidi mawimbi marefu. Mawimbi mafupi hudhibitiwa na kitu kingine, yaani ukinzani wa uso dhidi ya kupindwa, kama jani la mgomba linavyokubali kupinda na karatasi ngumu inavyokataa.

Kundi lililohusisha watafiti wa Chuo Kikuu cha Durham hapa Uingereza lilitumia njia hii kwa chembe za dhiki, matone ambayo seli huyaunda inapopatwa na joto kali au sumu. Katika ripoti yao ya mwaka 2023 katika jarida la Science Advances walionyesha kuwa mvutano peke yake hauelezi mtetemo walioupima ndani ya seli hai, na ikabidi waongeze ukinzani wa kupinda. Maana yake ni kwamba uso wa tone hilo una tabia zaidi ya ile ya mafuta juu ya mchuzi. Na hilo lilijulikana bila kuligusa tone.

Tulivyojidanganya

Baada ya kusoma haya tulitaka kujaribu. Mtafiti mmoja wa shahada ya uzamivu alitupa video za nukleoli alizokuwa amezirekodi kwa kazi nyingine. Tulifungua Fiji, programu ya bure iliyojengwa juu ya ImageJ, tukaandika mistari kadhaa ya Python, tukafuatilia ukingo wa matone, tukapata mtetemo, tukapata mvutano wa uso. Ulikuwa mdogo sana. Tulifurahi, tukaanza hata kuandika kichwa cha makala: nukleoli laini ajabu.

Mwalimu mmoja alituangalia namba zetu kimya, kisha akauliza, "Mmepima kitu kisichotetemeka?"

Hatukuwa tumepima. Tulirudi kuomba video ya seli zilizohifadhiwa kwa formalini, ambazo kila kitu ndani yake kimefungwa mahali pake. Tulizipitisha kwenye programu ileile. Nazo zikatetemeka, karibu sawa na zile hai. Tulikuwa tumepima kelele ya kamera kwa siku mbili.

Maelezo yake ni rahisi ukishajua. Kila pikseli huhesabu chembe za mwanga zinazoifikia, na zikiwa chache hesabu hupandashuka kwa bahati tu. Ukingo uliokadiriwa kutokana na hesabu hizo nao hupandashuka. Kelele ikijumlishwa na mtetemo, tone linaonekana laini kuliko lilivyo. Dawa yake ni kuipima kelele peke yake kwenye sampuli tulivu, kisha kuitoa: mraba wa mtetemo uliopimwa, toa mraba wa kelele. Tulipofanya hivyo, kilichobaki kilikuwa kidogo mno kiasi kwamba hatukuthubutu kuandika namba yoyote. Kichwa chetu cha makala kilikufa pale.

Tulianza kuorodhesha njia nyingine ambazo picha hudanganya. Kamera ikiacha mlango wake wazi kwa muda mrefu katika kila fremu, mitetemo ya haraka hufutana, na tone linaonekana gumu kuliko lilivyo: kosa la upande wa pili. Matone mawili yanaweza kupishana, moja juu na jingine chini, na picha bapa ikaonyesha kana kwamba yanaungana. Mtu akibadilisha kizingiti cha mwanga kidogo tu, ukingo unahama, na namba zote zinahama nao. Tena hesabu ya mtetemo hudhani kuwa joto peke yake ndilo linalosukuma, ilhali seli hai ina mashine zake zinazosukuma pia.

Hatari iliyotushtua zaidi ni ya uchaguzi. Anayepima kwa matone yanayoungana huhesabu yale yaliyoungana. Matone magumu, ambayo pengine ndiyo yenye ugonjwa, hugusana na kubaki hivyo, hayaingii kwenye grafu, na wastani unatoka laini. Mtafiti wa ALS anayefanya hivyo anaweza kuwatupa wagonjwa wake nje ya takwimu bila kujua.

Kuna pia njia ya kuunguza: unaufifisha mwanga wa sehemu ya tone kwa leza, kisha unapima muda ambao sehemu hiyo huchukua kung'aa tena kadiri protini mpya zinavyoingia. Ni njia nzuri ya kujua kama molekuli zinasogea. Lakini muda huo hutegemea ukubwa wa sehemu iliyounguzwa, na pia protini zinazoingia kutoka nje ya tone. Ikitumika peke yake haitoshi kutangaza kuwa kitu ni kimiminika.

Kwa mwenye kompyuta tu

Tunajua baadhi yenu mtarudi kufundisha au kutafiti katika vyuo vya nyumbani, ambako hadubini ya kufuatilia seli hai ni ghali na leza yake ikiharibika fundi yuko mbali. Hatutaki kusema kuwa kompyuta itafidia yote hayo. Lakini uchambuzi wa picha hauhitaji hadubini iwe chumba cha pili. Fiji na Python ni bure. Picha na video nyingi za tafiti zilizochapishwa zimewekwa wazi katika hifadhi kama BioImage Archive, inayotunzwa karibu na Cambridge, na mtu anaweza kuzipakua na kuzichambua upya. Mwanafunzi mwenye kompyuta ya kawaida na subira anaweza kukagua hesabu ya mtu mwenye maabara kubwa, na kumuuliza swali lile tuliloulizwa sisi: mlipima kitu kisichotetemeka?

Tumejaribu pia kuonyesha kuwa jambo hili linasemeka kwa Kiswahili. Mnato, mvutano wa uso, ukingo, kizingiti, kelele: maneno mengi tulikuwa nayo tayari. Tulikokwama tulikopa. Kama mna maneno bora kuliko yetu, hasa kwa ule ukinzani wa kupinda, tuleteeni. Mwenzetu wa isimu amefungua daftari.

Jumamosi ya mwisho wa muhula tutapika tena. Safari hii tutaweka simu juu ya sufuria, na rula kando yake, turekodi matone ya mafuta yakiungana, kisha kila mmoja apime muda wa kujikusanya kwa kompyuta yake. Wali utakuwepo, na mchuzi hautaguswa mpaka tumalize kupima. Atakayekuja na kompyuta asisahau kurekodi pia sufuria ya maji matupu, yaliyotulia. Tutaanza na hiyo.